Watoto wetu wanasoma jografia ya fotokopi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee somo la jografia sekondari, na naomba sana usinikate katikati maana najua barua ndefu huwa mnazipiga panga. Kila matokeo ya fomu foo yakitoka kelele ni hesabu, fizikia, kingereza, jografia hakuna anayeigusa kwa sababu watu wameshaiweka kwenye kundi la masomo ya kukariri, ukikesha na madesa, yale makaratasi ya notisi za kukariri, wiki mbili unatoka. Mi nasema humo humo kwenye kukariri ndo kuna shida, na nasema hivyo wakati biashara yangu inaishi kwa hayo hayo madesa. Nina steshenari hapa Kondoa mjini, natoa kopi, naprinti, nauza pastpepa zilizosolviwa, na mwenyewe nilisoma HGL, yaani historia, jografia na lugha, enzi hizo kwa hiyo jografia siijui kwa kusikia.

Nianze na ramani maana hiyo ndo inayonikera kuliko vyote.

Swali la ramani fomu foo halikosi. Mtoto anapewa kipande cha ramani ya skeli ya 1:50,000 anaambiwa pima urefu wa barabara kutoka hapa mpaka pale, tafuta ukubwa wa eneo, toa gridi refarensi ya shule, yaani namba za gridi zinazoonyesha ilipo, eleza sura ya nchi, eleza watu wanafanya shughuli gani na ushahidi uko wapi. Ni swali zuri sana kwa kweli, swali la mtu mwenye akili, na wanaoliogopa ni wengi kuliko wanaolipenda. Sasa njoo dukani kwangu uone hiyo ramani wanayofanyia mazoezi inavyofika mikononi mwao.

Ramani halisi ina rangi. Kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, ni kahawia, mito bluu, msitu kijani, barabara kubwa nyekundu, maandishi meusi. Mwalimu anakuja na kopi, siyo ramani, ni kopi ya kopi aliyopewa na mwenzake wa shule nyingine ambaye naye aliipata kwenye semina, anataka nakala 80. Kopi nyeusi ni shilingi 100, ya rangi 500 na kuna sehemu mpaka elfu moja, sasa shule ipi itatoa hela ya rangi kwa watoto 80? Tunatoa nyeusi. Na kwenye nyeusi kontua na mto ni mstari mmoja tu, mweusi kwa mweusi, msitu umekuwa doa la kijivu kama wino umemwagika, namba za mwinuko hazisomeki. Mtoto anaambiwa eleza mfumo wa mito wakati mto wenyewe hauoni, anabahatisha "dendritiki", yaani mito yenye matawi kama mti, kwa sababu ndo jibu linalotoka mara nyingi.

Anayejua ramani angemwambia hata kwenye nyeusi kuna namna ya kutofautisha. Kontua ikikatiza bonde inajikunja kama herufi V na ncha ya V inaangalia juu kule maji yanakotoka, mto unapita katikati ya hizo ncha. Ila hilo huwezi kulielewa kwa kusomewa, mpaka uwe umesimama kwenye bonde lenyewe una karatasi mkononi.

Haya, rangi tuache, skeli je? Hapa ndo naomba walimu wanisome polepole. 1:50,000 maana yake sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini, yaani nusu kilometa. Vile viboksi vya gridi kila kimoja ni sentimita 2 kwa 2, ndo kilometa moja kwa moja. Sasa mwalimu analeta kipande cha ukubwa wa A3 anasema kaka nipunguzie iingie A4 tubane matumizi. Nabonyeza, mashine inashusha mpaka asilimia 71, kila kitu kinasinyaa, kile kiboksi cha sentimita 2 kinakuwa sentimita 1.4. Lakini pale chini maandishi bado yanasoma 1:50,000 maana mashine inapunguza herufi, haijui kusahihisha hesabu. Mtoto anachukua uzi anapima barabara anapata sentimita 7, anagawa kwa mbili, anaandika kilometa 3 na nusu. Wakati barabara ile ile kwenye ramani halisi ni karibu kilometa 5! Skeli ya kweli ya hiyo karatasi aliyoshika ni kama 1:71,000 na hakuna mtu darasani anayejua, mwalimu naye kwenye jibu lake ana namba aliyokopi kutoka kwenye soluvingi ya ramani isiyopunguzwa, kwa hiyo mtoto aliyepima vizuri kabisa anapata kosa na aliyekariri jibu anapata tiki.

Kinachobaki kusema kweli kwenye karatasi iliyopunguzwa ni ile skeli ya mstari, kile kirula kilichochorwa chini ya ramani, kwa sababu nacho kinasinyaa pamoja na ramani. Na swali la eneo linaponea chupuchupu kwa sababu unahesabu viboksi, kiboksi hata kikisinyaa kinahesabiwa kilometa moja ya mraba ile ile. Mwanafunzi anayefahamu hayo atapima kiboksi kwanza kabla ya kugusa uzi, akikuta siyo sentimita 2 anajua karatasi imechezewa. Hiyo ndo jografia sasa! Lakini mi kila nikimwambia mwalimu mwalimu hii ukipunguza skeli inaharibika, kuna wanaonishukuru na kuna wanaoniangalia kama vile muuza kopi nimevuka mipaka.

Sasa cha kuuma zaidi ni kwamba ramani ya nyumbani kwetu ipo. Nchi hii imepimwa na kuchorwa kwa vipande vya 1:50,000, kila kipande ni dakika 15 kwa dakika 15 za latitudo na longitudo, yaani mraba wa kilometa kama 28 kila upande, na zinatoka serikalini Wizara ya Ardhi kwenye upimaji na ramani. Nyingi ni za zamani ndiyo, picha za anga zilizotumika ni za miaka mingi iliyopita, utakuta kijiji kimehama au barabara haipo. Safi tu! Mtoto akipewa ramani ya kata yake ya zamani akaambiwa zunguka utafute kilichobadilika, hapo amefanya kazi ya jografia kuliko topiki nzima ya kukariri maana ya ramani. Naomba kuuliza wahusika, inashindikana nini kila sekondari kuwa na shiti moja, moja tu, ya eneo lake, ya rangi, ikapigwa laminesheni ikabandikwa ukutani? Bei ya laminesheni naijua mimi, haifiki hata bei ya keki ya mahafali.

Watu wataniambia mtihani unaleta ramani ya sehemu ngeni kwa hiyo ya nyumbani haisaidii. Mi naona kinyume chake. Mtu hajifunzi kusoma kwa kitabu cha lugha asiyoijua, anaanza na maneno anayoyasema kila siku ndo baadaye anasoma chochote. Ukishaona kwa macho kwamba kontua zilizobanana pale kwenye karatasi ni kile kilima kinachokutoa jasho ukienda shambani, na zilizoachana ni mbuga ya kulima, na kwamba kutoka kontua moja kwenda nyingine ni mita 20 za kupanda kwa miguu yako mwenyewe, basi hata wakuletee ramani ya Ruvuma au ya Mara utaisoma tu.

Sasa nije kwenye udongo, na hapa wasomaji wa Kondoa wanielewe uchungu wangu.

Kwenye desa la fomu thrii kuna topiki ya mmomonyoko wa udongo. Aina zake nne, sababu zake sita au saba, athari zake, njia za kuzuia. Vijana wanazijua kwa mpangilio kama sala. Na shule wanazosoma ziko mita chache kutoka kwenye makorongo ya Kondoa, makorongo ambayo watafiti walitoka Sweden huko wakaja kuyapima na kuyaandikia miaka na miaka, eneo hili linajulikana kwenye vitabu vya mazingira vya dunia. Mtoto wa hapa akiulizwa mfano wa eneo lililoathirika na mmomonyoko anaandika alichokikuta kwenye desa, na desa limeandikwa na mtu wa mbali ambaye Kondoa kaiweka mstari mmoja tu, "for example Kondoa in Dodoma", basi, ameshamaliza.

Huo mstari mmoja una nini ndani yake? Muulize mzee yeyote wa Kirangi wa miaka 60 kwenda juu. Mwaka 1973 serikali ilianzisha HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden, yakaja magreda yakachimba makinga maji kwenye miteremko, miti ikapandwa. Haikutosha. Mwaka 1979 ikatoka amri mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, eneo la zaidi ya kilometa za mraba 1,200, ng'ombe mbuzi kondoo punda, wote. Watu waliswaga mifugo yao kwenda mbali kwa ndugu na kwa marafiki, wengine waliuza kwa bei ya kutupa, wengine hawakuwahi kuwa na ng'ombe tena maisha yao yote. Nyasi zikarudi, vichaka vikafunga, ardhi iliyokuwa nyekundu tupu ikawa kijani, na kuna makorongo yalitulia kabisa mpaka leo watu wanalima ndani yake. Baadaye ndo wakaruhusiwa ng'ombe wa kufugia bandani, analetewa majani, haendi kuchunga.

Sasa hapo kuna maswali ya kufundishia muhula mzima. Ardhi ilipona, nani alilipa? Ng'ombe peke yao ndo walikuwa wakosaji? Maana sababu zenyewe ukizifuatilia ni nyingi na zimelaliana, miteremko ya vilima vya Irangi, udongo wenyewe mwepesi kubebeka, mvua ya msimu mmoja inayokuja kwa nguvu Desemba ikikuta ardhi imekaa miezi iko uchi, misafara ya zamani iliyopita hapa ikihitaji chakula mashamba yakapanuliwa, halafu enzi za mkoloni mapori yakafyekwa kupambana na mbung'o. Desa linasema "overgrazing" na "deforestation" na limemaliza. Mtihani unatoa maksi kwa hayo maneno mawili. Mi sisemi maneno ni uongo, nasema ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kumuuliza babu yake, na wakati babu yuko nyumbani, amekaa kibarazani, ana kumbukumbu zote, na hawa wazee wanapungua kila mwaka.

Kwenda korongoni hakuhitaji basi wala kibali cha mkurugenzi wala posho. Ni kutembea. Kuna mwalimu kijana mteja wangu, anafundisha vizuri tu, nilimuuliza mbona hamtoki, akanijibu braza nina mikondo mitatu kila mkondo watoto 70 na ushee, vipindi ni vya dakika 40, nikitoka nao nikarudi silabasi nimeachwa nyuma, mkuu ananiuliza umefika topiki gani haniulizi watoto wameona nini. Nilinyamaza kwa sababu ana haki. Lawama zangu haziko kwa walimu hata kidogo. Mwalimu anakimbizwa na mtihani, na mtihani haumuulizi kama alitoka nje. Weka maksi za kwenye maendeleo ya shuleni kwa kazi ya nje moja tu kwa mwaka, kazi ya kweli yenye mchoro na vipimo vya mtoto mwenyewe, uone kama Jumamosi haitapatikana.

Ila tahadhari, isije ikawa kama ile projekti ya utafiti. Kwenye topiki ya utafiti vijana wanatakiwa wachague tatizo, waandae maswali, wakusanye data, waandike ripoti. Mnajua inafanyikaje? Wanakuja dukani. "Bosi una projekti ya uchafuzi wa maji?" Zipo zinazozunguka kwenye flashi, unabadilisha jina la kijiji na jina la mwanafunzi, asilimia ni zile zile, waliohojiwa ni wale wale, nimeshaona ripoti ya hapa kwetu inaongelea athari za uvuvi haramu ziwani Victoria, Kondoa hii! Mi siku hizi siuzi tena, namwambia dogo nenda stendi na daftari saa nzima hesabu magari. Na hapo stendi kuna data nzuri ajabu. Lami ya Dodoma kwenda Babati kupitia hapa ilikamilika ikazinduliwa 2018, kabla ya hapo ukitoka hapa kwenda Dodoma masika ulikuwa unaaga kabisa. Sasa hivi mabasi ya Arusha yanapita, malori ya alizeti na mahindi yanapita, nyumba za wageni zimeota kando ya barabara kama mnavyoziona. Topiki ya usafirishaji yote iko pale, faida na hasara, na grafu ya nguzo na grafu ya duara atachora kwa namba zake siyo kwa namba za kubuni. Na namba zake zitakuwa tofauti na za jirani yake, hilo litamfanya mwalimu asome badala ya kutiki.

Kuhusu madesa kupitwa na wakati nitasema kwa kifupi maana nikianza sitamaliza. Kuna desa linauzika sana hapa, sitalitaja, sayari bado ni 9. Pluto iliondolewa kwenye orodha 2006! Watoto wanaolisoma walikuwa hawajazaliwa. Kuna jingine nchi kubwa Afrika bado ni Sudan, wakati Sudan Kusini ilijitenga 2011 na tangu hapo kubwa ni Algeria. Idadi ya watu wa Tanzania utakuta ni milioni 44 za sensa ya 2012, wakati sensa ya 2022 ilitupa watu 61,741,120. Umeme wa maji, desa linasema bwawa kubwa ni Kidatu lenye megawati 204, wakati bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, mtambo wa kwanza uliwaka 2024. Ukimwambia kijana hii ya zamani chukua mpya anakataa, anasema bosi hii ndo inayotoka. Imani ya kijana kwa desa chakavu ni kubwa kuliko imani yake kwa taarifa ya habari.

Na ile Ruhr ya Ujerumani. Wote tuliosoma tunaikumbuka, Ruhr imeendelea kiviwanda kwa sababu ya makaa ya mawe, mto Rhine, soko, nguvu kazi. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe kule Ruhr, Prosper-Haniel mjini Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Umefungwa, basi, hakuna tena. Kuna wenzangu wanasema mambo ya Ruhr na bonde la Tennessee la Marekani yaondolewe kabisa tusome ya kwetu, mi sikubaliani nao, mtoto wa Kondoa ana haki ya kuijua dunia yote. Ila afundishwe Ruhr nzima, ilivyopanda na ilivyoshuka, makaa yalipokwisha faida miji ilifanya nini, vijana wakaenda wapi. Hapo akija kusikia mgodi wa dhahabu wa kwetu una miaka kadhaa umebaki atajua la kuuliza. Ukimfundisha nusu ya kwanza tu umemfundisha historia na hujamwambia kwamba ni historia.

Kitu kingine ni hali ya hewa. Shule nyingi zina kile kiboksi cheupe chenye mbavu, kimesimama uwanjani kwenye miguu minne, ndani hamna kipima joto wala nini, kuna mijusi. Sawa, vipima joto vinavunjika na hela hamna. Lakini mvua haihitaji hela! Chupa ya maji ya plastiki yenye pande zilizonyooka, ikate shingo, ipindue shingo iwe faneli, tia maji kidogo chini kusawazisha kitako na uweke alama ya sifuri hapo, bandika rula pembeni, kila asubuhi saa tatu mtu mmoja asome milimita aandike. Kwetu msimu ni mmoja, Desemba mpaka Aprili, hata kazi yenyewe siyo ya mwaka mzima. Shule ikifanya hivyo miaka mitano ina rekodi yake, na wakulima wa hapo watakuja kuiomba, nakwambia. Na msidhani ni mchezo wa kitoto. Tarehe 3 Desemba 2023 pale Katesh, jirani zetu wa Hanang, mlima uliloa ukaachia tope na mawe yakashuka mjini asubuhi, zaidi ya watu 80 walikufa. Kwenye desa hiyo inaitwa "mudflow" na ina mistari miwili. Ningependa mtoto anayekaa chini ya mlima aijue kwa zaidi ya mistari miwili, ajue mteremko upi umelegea, ajue mvua ikinyesha kwa wingi kiasi gani siku mfululizo aanze kuwaambia wazazi wake kuna haja ya kusogea.

Jingine nililojaribu na wanangu, hata halihitaji chupa. Topiki ya longitudo na saa. Kila mwanafunzi anajua nyuzi 15 ni saa moja, uzi mmoja ni dakika 4, na maswali yake ni yale yale, kama hapa ni saa sita mchana, Accra ni saa ngapi. Chukua kijiti, kisimike wima uwanjani, weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano mchana. Vitabu vinasema saa sita mchana jua liko juu kabisa na kivuli ni kifupi kuliko muda wote. Kondoa siyo kweli! Kivuli kinakuwa kifupi zaidi kwenye saa sita na dakika 37 hivi, inategemea na mwezi, kuna miezi dakika 20 kuna miezi mpaka 50. Kwa nini? Kwa sababu saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, huko iko Somalia, na sisi Kondoa tuko nyuzi 35 na dakika 47. Tofauti ni nyuzi 9 na kidogo, zidisha kwa 4, unapata hizo dakika 37. Mwanangu wa fomu tuu alinibishia mpaka akapima mwenyewe, halafu akataka kujua Kigoma inakuwaje maana wao wako magharibi zaidi. Hilo swali la Kigoma hakulitoa kwenye desa lolote.

Kuna watakaosema simu zipo siku hizi, satilaiti, watoto wataona kila kitu humo. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni na mi naona ni sawa, ila mwalimu anayo. Lile korongo ukiliangalia kutoka juu kwenye simu linaonekana kama mzizi wa mti, na kwenye programu unaweza kurudisha picha za miaka ya nyuma ukaona limetanuka au limetulia. Simu moja na watoto 70 haitoshi najua, ndo maana nasema tembeeni kwanza.

Lugha sitaigusa sana maana hiyo vita ina wenyewe. Nitasema tu kwamba nimewasikia vijana wakibishana dukani kwangu kuhusu mto wa mchanga, kwa nini kiangazi unachimba unakuta maji chini wakati juu pakavu, wanaelezana vizuri kabisa, na hao hao kesho wanaleta jibu la swali hilo hilo kwa kingereza, sentensi mbili, zote za kukopi.

Sera ya elimu imefanyiwa marekebisho, ile ya 2014 toleo la 2023, mitaala inabadilika na tunaambiwa mwelekeo sasa ni ujuzi siyo kukariri. Nimefurahi kusikia. Ninachoomba kwa wanaoandika mitaala na wanaotunga mitihani ni mambo madogo tu, ramani ya rangi ya eneo la shule ukutani, na kazi ya nje yenye maksi za kweli ambayo haiwezi kununuliwa dukani kwangu. Mkifanya hivyo mi biashara itapungua kidogo, nitauza graf pepa na rula badala yake.

Na kwa walimu wa hapa Kondoa na vijiji vya jirani, mwenye shiti halisi ya ramani aniletee nitaiskani kwa ukubwa wake na kuitoa kwa rangi kwa bei ya wino na karatasi, faida sitaki. Kwa walimu wa kwingine, ukienda kutoa kopi mwambie kijana wa mashine aweke asilimia 100, azime ile ya kutosheza ukurasa, ramani ikiwa kubwa mkate vipande viwili mgundishe na gamu, na kabla hujalipa chukua rula upime kiboksi kimoja. Kikiwa sentimita 2 lipa. Kikiwa pungufu mwambie arudie, na ya kurudia usilipe.

Mwenye steshenari,
Kondoa mjini.